Bioanuwai na Vyura: Historia Fupi ya Neno Moja katika Maandishi Yetu

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Magazeti, mabango ya barabarani, vipeperushi vya semina na insha za kidato cha nne huachwa vipite bila kuulizwa swali, kana kwamba lugha iliyomo humo haina fani wala maudhui. Mimi naona hapo tunajipunja. Maandishi ya aina hiyo ndiyo yanayosomwa na watu wengi, na ndiyo yanayowazoesha kuitaja dunia yao kwa namna fulani. Makala haya basi yanalichukua neno moja tu, bioanuwai, na kulifuata tangu lilikozaliwa hadi lilipotua katika sentensi zetu. Sina nia ya kuingilia kazi ya wataalamu wa istilahi; wao wapo na ofisi zao wanazo. Swali langu ni la mhakiki: neno hili linapoingia katika sentensi, nani anatolewa nje?

Tuanze na asili yake. Mwaka 1985 Bwana Walter G. Rosen, aliyekuwa akifanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, alikuwa anaandaa mkutano kuhusu viumbe wanaotoweka duniani. Wanasayansi walikuwa tayari na maneno mawili ya Kiingereza ya kuelezea jambo hilo, moja la biolojia na jingine la wingi wa aina. Rosen akayakata, akayaunga, likapatikana neno moja. Mkutano ukafanyika Washington mwezi Septemba 1986, na mwaka 1988 kikatoka kitabu kilichohaririwa na Edward O. Wilson, mtaalamu wa sisimizi, kikiwa na neno hilohilo katika jalada. Wilson mwenyewe mwanzoni hakulipenda. Aliliona linajipamba mno. Baadaye akawa ndiye baba yake mbele ya ulimwengu. Inafaa tulikumbuke jambo hili. Neno lilizaliwa likiwa na kazi ya kampeni. Lilitakiwa liingie masikioni mwa wabunge, waandishi na watoa fedha, na kazi hiyo liliifanya vizuri sana.

Miaka minne tu baada ya kitabu, mataifa yalikuwa mezani. Na hapa ndipo historia inapotugusa sisi, maana maandishi ya Mkataba wa Bioanuwai yalikubaliwa Nairobi, tarehe 22 Mei 1992, kabla ya kutiwa saini Rio de Janeiro mwezi Juni mwaka huohuo. Ukaanza kufanya kazi tarehe 29 Desemba 1993. Kenya iliuridhia mwaka 1994, Tanzania mwaka 1996. Mkataba una lugha sita rasmi: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Yaani maneno yalipimwa na kukubaliwa katika mji ambao nje ya geti la mkutano makondakta, wauza magazeti na askari wa zamu wanasema Kiswahili, lakini Kiswahili hakikuwa mezani. Silalamiki, ndivyo mikataba ya Umoja wa Mataifa ilivyo. Ila matokeo yake ni kwamba neno lilipokuja kwetu lilikuwa limekwisha kuiva kwingine. Sisi tulipewa kazi ya kulivika nguo tu.

Nguo yenyewe si mbaya. Kiambishi "bio" ni cha Kiyunani na tulikuwa tunacho katika biolojia. "Anuwai" ni neno la siku nyingi katika Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya namna nyingi au aina mbalimbali. Na Waarabu nao kwa jambo hilihili hutumia neno la mzizi huohuo. Kwa hiyo bioanuwai ni chotara wa Kiyunani na Kiarabu aliyezaliwa kwa mkunga wa Kiingereza. Tatizo ni kwamba mpaka leo hatujakubaliana hata namna ya kumwita. Nimekutana na bioanuwai, bioanuai, bayoanuwai, baianuai na bayonuai, na safari moja nilikuta mbili kati ya hizo katika ukurasa mmoja wa gazeti. Neno la sokoni halihangaiki hivyo. Hakuna mtu anayeandika "mchicha" kwa tahajia tano.

Lakini tahajia ni jambo dogo. Kubwa ni maneno yaliyokuwapo kabla yake, na kila moja lilimweka nani wapi.

Chukua Habari za Wakilindi, ile tarihi ya Usambara iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy na kuchapishwa upya mwaka 1962. Mbegha anaingia katika historia kama mwindaji kutoka Nguu, na sifa yake ya kwanza ni kuua nguruwe. Nguruwe wanaharibu mashamba, Mbegha anawaua, nyama anawagawia watu, watu wanampa chakula cha shambani, na mwisho wanampa utawala. Ndani ya masimulizi hayo mnyama ana tendo lake (anakula mazao), mwindaji ana lake, na wenyeji wana lao. Hakuna asiyefanya kitu. Sisemi kwamba nguruwe walipendwa, walichukiwa kabisa. Ila hata adui alikuwa na jina na nafasi katika sentensi.

Wakoloni walipoingia lugha ilibadilika. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji katika koloni la Wajerumani, na maeneo yakaanza kutengwa. Pori kubwa la kusini, ambalo Waingereza walilipa jina la Selous mwaka 1922 kwa kumkumbuka mwindaji mwenzao aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917, wananchi walilipa jina lao wenyewe: Shamba la Bibi. Inasimuliwa kwamba Kaizari wa Ujerumani alimzawadia mkewe pori lile. Iwe kweli au porojo, jina hilo ni uhakiki uliokamilika kwa maneno matatu. Linasema kuna shamba, kuna mwenye shamba, na mwenye shamba si wewe. Kisha maana ikapanuka, na leo mtu akisema serikalini kumegeuzwa shamba la bibi, kila Mtanzania anajua anamsema mwizi.

Baada ya hapo yakaja wanyamapori na maliasili. Nyerere alitoa tamko lake Arusha mwezi Septemba 1961 kuhusu wanyama wa pori (wenzangu wa mwaka wa kwanza wasilichanganye na Azimio la 1967), na baada ya uhuru maliasili likawa neno la wizara. Neno hili wengine hulilaumu, wanasema linamfanya tembo kuwa fedha benki. Ni kweli, lakini mimi lina sifa moja ninayoipenda: likitajwa tu, linazaa swali. Mali? Mali ya nani? Neno "mali" haliwezi kukaa katika Kiswahili bila mwenyewe. Ndiyo maana katika mikutano ya hadhara wananchi hulitumia kudai chao.

Bioanuwai halizai swali hilo. Hebu jaribu kumwuliza mtu, "Bioanuwai ya nani?" Utaonekana umekosea sarufi.

Nimekuwa nikikusanya sentensi zenye neno hili, bila utaratibu mkubwa, kutoka magazetini, katika vipeperushi na katika mabango ya lango la msitu. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba neno halisimami peke yake. Karibu kila mara liko mwishoni mwa kifungu, nyuma ya "wa": uhifadhi wa bioanuwai, upotevu wa bioanuwai, utajiri wa bioanuwai, umuhimu wa bioanuwai. Mbele yake hukaa nomino nyingine iliyotoholewa kutoka kitenzi, na kitenzi kikishageuzwa nomino mtenda wake anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mtu amehifadhi nini? Nani amepoteza? Haisemwi. Jambo la pili: kwa wanasayansi neno hili lina ngazi tatu, yaani jeni, spishi na mifumo ya ikolojia. Katika maandishi ya kila siku ngazi hizo hazionekani. Aya ya kwanza itasema bioanuwai, aya ya pili itasema wanyama na miti, na basi. Neno limekuwa kama koti la mgeni rasmi. Huvaliwa wakati wa kufungua semina, likavuliwa kazi inapoanza.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya, nalo ni la sarufi yetu wenyewe. Kiswahili kina adabu moja kwa wanyama. Umbo la nomino liwe la ngeli yoyote, kiumbe mwenye uhai anayekwenda hupewa upatanisho wa mtu. Tunasema simba amekufa, nyuki wamehama, kipepeo huyu. Kiboko kwa umbo ni KI-VI, lakini "kiboko huyu" ni mnyama wa mtoni na "kiboko hiki" ni cha kuchapia. Mtoto wa miaka mitatu anaijua tofauti hiyo. Sasa wakusanye simba, nyuki, kipepeo na kiboko, uwaite bioanuwai. Mara moja wote wanapoteza ile "a" na "wa". Bioanuwai imepungua. Bioanuwai inatoweka. Hawafi tena, inapungua, kama maji ya tangi. Lugha za Ulaya hazina adabu hii ya upatanisho, kwa hiyo kule neno halikuvunja kitu. Kwetu limevunja, na hakuna mtafsiri aliyeulizwa.

Upande wa pili wa sentensi nako kumekaliwa na pacha wake, nadhani msomaji ameshamkisia: shughuli za kibinadamu. "Bioanuwai ya eneo hili inatoweka kwa kasi kutokana na shughuli za kibinadamu." Sentensi hii, kwa vibadala vyake, nimeikuta mara nyingi kiasi kwamba sasa naisoma kama kiitikio. Jamani, kama ingeletwa darasani tamthilia yenye mhusika mmoja tu aitwaye Shughuli za Kibinadamu, anayekata mbao, anayejenga bwawa, anayeokota kuni, anayelima chai na anayechoma mkaa, si tungesema mwandishi ameshindwa kuchora wahusika? Mama mwenye tita moja la kuni na kampuni yenye misumeno wamepewa kinywa kimoja. Na hukumu ikishatoka, hupelekwa kwa yule aliye karibu na mlango.

Usambara Mashariki kunaonyesha hili vizuri, na ni kwao upande wa mama yangu, kwa hiyo nakiri ninaegemea. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau katika miamba ya huko, akapeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi Saintpaulia, jina la ukoo wake. Leo linauzwa katika vyungu madirishani karibu dunia nzima. Mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha taasisi yao ya utafiti Amani. Yakafuata mashamba makubwa, kisha misitu ya akiba, kisha uvunaji wa magogo kwa mashine hadi miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Karne nzima ya watu wenye majina na mashine zao. Wakati huohuo wakulima wadogo walikuwa wakilima iliki chini ya miti mikubwa. Mjomba wangu aliwahi kunieleza kwamba iliki ni zao lenye aibu, halitaki jua limwone. Ndiyo maana huacha mti mkubwa umsitiri na kufyeka vichaka vya chini.

Sasa siwatetei wakulima kwa upofu. Ukifyeka chini kila mwaka, miche ya miti haikui, na miti mizee ikianguka hakuna warithi. Udongo nao huchoka, iliki ikashindwa, na hapo mtu hukata miti apande migomba. Hiyo ni hasara ya kweli. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Derema, mipaka ilipowekwa ili kuunganisha vipande vya msitu, wakulima wa iliki ndio walioachishwa mashamba, na malipo ya fidia yakachukua miaka. Unaweza kuueleza uamuzi ule kwa hoja nzuri za kisayansi. Tatizo langu ni lugha. Ukisema "fulani na fulani watatoka katika mashamba waliyoyapanda ili msitu uungane", unalazimika kusema pia watakwenda wapi na watakula nini. Ukisema "bioanuwai italindwa dhidi ya shughuli za kibinadamu", huna deni na mtu.

Tuvuke sasa twende Udzungwa, kwa sababu huko lilitokea jambo la kinyume, na ndilo linalonipa matumaini. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi ukiwa tayari unajengwa, watafiti walimkuta chura mdogo wa manjano katika korongo la mto, mahali palipolowa daima kwa manyunyu ya poromoko. Makazi yake yote duniani hayakuzidi hekta chache. Hatagi mayai kama vyura wengine. Huzaa watoto wake wakiwa kamili, nao ni wadogo mno. Mradi ulikuwa wa megawati 180, si mchezo kwa nchi iliyozoea mgawo wa umeme. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilipoelekezwa kwenye handaki la mitambo, manyunyu yakakatika. Vyura kama 500 wakachukuliwa kwa ndege kwenda New York. Korongoni zikawekwa bomba za kunyunyizia maji kuiga poromoko, na sehemu ya maji ikaachwa iendelee kupita. Hata hivyo mwaka 2003 waliobaki walianguka kwa kasi, ugonjwa wa ukungu ukiwa mmoja wa washukiwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo hayupo tena porini.

Ni kisa cha bioanuwai kwa kila kipimo cha mkataba. Lakini mtaani hakuna aliyekiita hivyo. Vilikuwa "vyura wa Kihansi", basi, na nchi nzima ikabishana. Wengine walicheka: chura anapanda ndege, mimi sijawahi! Wengine walikasirika kwamba maji ya umeme yanamwagiwa vyura. Wengine walihoji kwa nini utafiti haukukamilika kabla ya kuchimba handaki. Ule msemo wetu kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji ukawa na kichekesho chake, maana safari hii chura alimzuia ng'ombe kidogo. Nimewasikia wazee na makondakta wakilijadili suala hili kwa undani ambao semina haiupati, wakipima umeme na uhai, fedha na fahari, wenyeji na wafadhili. Ukiwauliza kuhusu upotevu wa bioanuwai watakujibu kwa heshima kwamba ni jambo baya. Hawatabishana nawe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kazi ya neno kubwa ni kuwaelimisha wananchi. Ubishi ule ulikuwa elimu. Uliwezekana kwa sababu kulikuwa na chura, ambaye "amekufa", "amechukuliwa", "amerudi", na kulikuwa na shirika la umeme, na wafadhili, na watu wa mabondeni, kila mmoja na kitenzi chake. Mwaka 2010 vyura 100 wa kwanza waliletwa kutoka Marekani wakakaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakarudishwa korongoni. Hata katika habari hizo, lugha iliyofanya kazi ni ya "wamerudi nyumbani". Sijaona mahali palipoandikwa kwamba bioanuwai imeshuka uwanja wa ndege.

Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu ya makala haya aliniuliza: na miti je? Mti hauna "a" ya kupoteza. Mvule umeanguka, bioanuwai imepungua, tofauti iko wapi? Swali ni zito. Nadhani jibu haliko katika upatanisho, liko katika majina yenyewe, ambayo kwa miti mara nyingi hubeba kazi ya mkono wa mtu. Mwarobaini umeitwa hivyo kwa maradhi arobaini unayosifiwa kutibu, ingawa ni mti uliotoka Bara Hindi. Mkoko ukikatwa hubadilika jina, ukawa boriti. Na boriti hizo, kutoka Rufiji na Lamu, majahazi yalizipeleka hadi Ghuba kujengea dari. Ripoti za leo zinasema bioanuwai ya mikoko, na msomaji anaona matope na kaa. Aliyekwisha kuingia katika nyumba ya zamani ya mawe, Lamu au Unguja, amekiona kitu kingine. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu fundi hakuweza kuupeleka ukuta mbali kuliko boriti inavyofika.